Moto wa Saa Kumi

Nimebishania bei ya vitu vingi: mawese, nguo za mitumba, kodi ya nyumba, hata mahari ya mdogo wangu wa kiume, ambayo upande wa pili bado wanasema niliwaibia. Moshi nilikuwa sijawahi kuubishania. Siku ya kufanya hivyo ilifika pale mama wa mazingira, mkaguzi wa moshi na taka, alipoketi mbele yetu katika ofisi ya savonnerie, kiwanda chetu kidogo cha sabuni hapa Likasi, akakataa chupa ya sucré, kinywaji cha baridi tulichomfungulia, na kusema tupunguze kuni kwa nusu.

"Robo," nikasema.

Ilitoka yenyewe. Mtu akikuambia nusu unamjibu robo, halafu mnatafutana katikati. Hiyo ndiyo heshima. Alikuwa mwanamke kijana, buti zake zimeshika vumbi jekundu, na uso wa mtu aliyezoea kuzungumza na mashine. Aliniambia kwa upole kwamba hapa si sokoni. Nikamjibu kwamba hata parokiani, siku ya kupanga ndoa, watu wanabishana. Shemeji yangu, mwenye kiwanda, alikuwa ametazama meza kama mtu anayesali. Tulipanda, tukashuka, na mwishowe tukapeana mkono kwenye theluthi. Nilitoka ofisini nimejaa furaha. Nilikuwa hata sijui theluthi ya kuni inafanana na nini, lakini nilikuwa nimeipata kwa bei nzuri.

Furaha ilipungua shemeji aliponieleza vizuri. Yule mama alitumwa na kampuni inayosafisha shaba, na kampuni hiyo ndiyo inayochukua zaidi ya nusu ya sabuni tunayopika, kwa ajili ya mikono ya wafanyakazi wake. Wakubwa wake walikuwa wameamua kwamba kila anayewauzia kitu aonyeshe anachoma nini na anamwaga nini. Tukifikisha theluthi kabla baridi haijaisha, kontra, mkataba wetu wa sabuni, inaendelea. Tusipofikisha, watachukua sabuni inayotoka Zambia, ile iliyofungwa kwenye karatasi nzuri kama zawadi ya bibi harusi, nasi tutafunga mlango.

"Na mlango tukiufunga," shemeji akasema, "weye utarudia kuuza mitumba, na minye nitakuwa mteja wako."

Kwa bei yake ya siku zote, nikafikiri, afadhali nife njaa.

Kazi yangu pale ni kununua. Shemeji alinitoa sokoni kwa sababu alichoka kudanganywa na watu wa mawese, na akaona ni vizuri zaidi awe na mtu wake wa kuwadanganya wao. Kuni pia zinapita mikononi mwangu. Nazihesabu zikishuka kwenye lori, na nazihesabu tena zikishapangwa ukutani, maana kati ya lori na ukuta kuna mita chache ambapo magogo hupenda kupotea.

Sabuni yetu hupikwa hivi. Mawese yanaingia kwenye chungu kikubwa cha chuma, maji ya soda, ile kali ya sabuni, yanafuata, na chini yake, ndani ya jiko la matofali, kuni zinaunguruma toka asubuhi. Kwenye saa nane mchana, sabuni inamwagwa kwenye masanduku ya mbao ili igande. Umeme tunautumia kwa mashine ya kukoroga tu. Bwawa la umeme la Koni si mbali, na nyaya zinazotoka huko tunaziona zikipita juu yetu, zimenyooka, zinakwenda kwa wenye haja kubwa kuliko yetu. Sisi tunategemea kuni.

Anayelisha jiko ni mzee mmoja wa umri wa baba yangu, ambaye avenue nzima, mtaa wetu wote, inamwita papa wa moto, yaani baba wa moto. Ana koleo lake ambalo hakuna mwingine anayeligusa, na ana mgongo uliozoea kuinama hata akiwa amekaa. Mama wa mazingira alipokuja siku ya pili kukagua jiko, mzee alimtolea kiti, akakipangusa kwa kofia yake, na kumwonyesha kila kitu bila haya. Mlango wa jiko una mwanya wa kupitisha mkono. Chungu hakina kifuniko. Kuni zinalala nje, zinanyeshewa wakati wa mvua na kulowa umande wakati wa baridi. Maji ya soda yaliyobaki chini ya chungu yanamwagwa mtaroni, na majani ya huko yamekwisha kukata tamaa.

Yule mama hakutukana mtu. Alisema mwanya uzibwe kwa udongo, chungu kipate kifuniko, kuni zijengewe paa, na maji yale ya soda yawekwe kwa ajili ya chungu cha kesho. Halafu akatazama juu, kwenye bomba la moshi, akaliwekea kiganja karibu na kukiondoa upesi. Alimwambia shemeji achomelee pipa kuzunguka lile bomba, na ndani yake aweke maji. Maji yatapata joto la bure kutoka kwa moshi unaokimbia, na yakiingia kwenye chungu hayatakuwa baridi. Shemeji aliuliza kama pipa kuukuu linafaa. Alipoambiwa ndiyo, ndipo alipoanza kupenda mazingira.

Tulifanya yote. Fundi wa kuchomelea nilimbishania mpaka akaniomba nimwache apumue. Na mwisho wa mwezi, nilipohesabu kuni zilizoingia na zilizobaki, tulikuwa tumepunguza kidogo tu, kama mtu aliyenyoa ndevu na kudai amekonda.

Nikahesabu tena. Hesabu ilikuwa ile ile. Nikaanza kutafuta mwizi. Nilizunguka ukuta nikitafuta tundu, nikamtazama mlinzi kwa jicho baya, na mlinzi, kumbe, alikuwa ananitazama mimi kwa jicho hilo hilo. Shemeji alisema labda mama wa mazingira hajui kazi yake. Nilitamani iwe kweli, lakini nilikuwa nimeshika lile pipa mwenyewe, na mkono ulikuwa umeungua.

Aliyemwona mwizi ni mama wa mazingira mwenyewe. Alikuja bila kutuambia, alasiri moja ya baridi, saa kumi hivi. Alipita getini, akasimama.

Hapo nieleze jambo ambalo mtu wa Likasi hahitaji kuelezwa. Saa kumi ni saa ya kuwasha mbabula, jiko la bati la makala, yaani mkaa, ili bukari, ugali wetu wa jioni, ipikwe. Kuwasha makala toka mwanzo ni taabu: karatasi, vijiti, kupepea, machozi. Basi ukiwa na jirani mwenye moto, unakwenda kuomba. Na jirani wa avenue yetu mwenye moto mkubwa kuliko wote ni savonnerie. Kila jioni wanawake walipanga mstari kutoka mlango wa jiko mpaka getini, kila mmoja na mbabula yake, na papa wa moto akawagawia makaa: koleo moja kwa kila mtu, na koleo na nusu kwa mwenye mtoto mgongoni. Nilikuwa nauona mstari ule kila siku ya kazi, na hata siku moja sikuuhesabu. Nani anahesabu salamu?

Mama wa mazingira alitembea pembeni ya mstari, akasalimia, akafika kwenye jiko. Moto ulikuwa mkali, umejazwa magogo mapya. Akapanda ngazi, akafunua kile kifuniko kipya, akachungulia ndani ya chungu.

"Papa," akasema, "chungu iko mutupu. Sasa hii moto inapika nini?"

"Inapika bukari ya avenue muzima, mama," mzee akajibu, na koleo halikusimama.

Wanawake walicheka. Yeye pia alicheka kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mzee alimweleza bila kuficha: sabuni ikishamwagwa, kwenye saa nane, analijaza jiko tena, ili saa kumi makaa yawe mengi na mazuri. Baridi ikizidi, anaongeza. Hawezi kumpa mtu makaa ya majivu, ni aibu.

Yule mama alinigeukia. "Mama, theluthi yenu njo ile pale. Imesimama mu ligne na mbabula."

Kwa mara ya kwanza nikauhesabu ule mstari.

Shemeji aliamua haraka. Kuanzia Jumatatu, hakuna makaa. Sabuni ikimwagwa, jiko linafungwa. Na wa kuwaambia wanawake ni mimi, kwa sababu, alisema, nakijua kinywa chao. Nilimwambia ndiyo maana sitaki. Lakini kontra ilikuwa kontra, na mishahara yetu sote ilikuwa ndani yake, pamoja na ya papa wa moto.

Jumatatu nilisimama getini. Nilieleza mambo ya kampuni, ya kuni, ya msitu unaoisha. Walinisikiliza kwa utulivu mkubwa, kama watu wanaomsikiliza mlevi kwenye matanga. Kisha muuza ndakala, wale dagaa wakavu, mama mnene anayeishi nyumba ya tatu toka kwangu, ambaye ndiye hutunga majina ya utani ya avenue yetu, aliinua mbabula yake tupu na kuichungulia.

"Kumbe na moto inafungiwaka kufuli," akasema. "Yaya, leo moto. Kesho utatukatalia na jua."

Waliondoka mmoja mmoja bila kupiga kelele. Papa wa moto alibaki ameegemea koleo lake. Alifagia mahali alipokuwa ameshafagia, halafu akaniaga kwa adabu nyingi kuliko kawaida.

Adhabu yangu ilianza kesho yake, sokoni. Wale wanawake wa mstari ndio wanaouza sombe ya majani ya muhogo, ndakala, nyanya, unga. Nikauliza bei ya ndakala, nikatajiwa. Nikataja nusu yake, kama kila siku. Mama mnene akatazama juu ya kichwa changu, kana kwamba kuna mteja mwingine nyuma yangu mwenye akili.

"Bei ni moya, mama."

Si yaya tena, yaani dada, bali mama. Nikaenda kwa muuza nyanya: bei ni moja. Nikaenda kwa muuza sombe, ambaye ana tabia ya kukuongezea fungu dogo hata hujaomba: bei ni moja, na fungu dogo likabaki mezani, linanitazama. Siku zile nilinunua chakula kama mgeni aliyeshuka jana kutoka Ulaya. Nilikuwa najua kudharauliwa, hilo si kitu. Kuuziwa bila kubishana ndiko kuliniuma.

Kwenye kiwanda, hata hivyo, mambo yalinyooka. Magogo yalikaa ukutani mpaka nikayazoea. Theluthi ilifika, ikapita kidogo. Shemeji alianza kupiga mluzi. Mama wa mazingira alituambia kwa simu kwamba atakuja mwisho wa baridi kuhakikisha, na kama ni hivyo atasaini.

Aliyeniharibia raha ni muuza makala wa kwenye kona. Huyu ni kijana mwenye magunia yake chini ya turubai, mchafu mpaka kwenye kope, na ndiye mtu pekee wiki zile aliyekubali kubishana nami. Nilimtajia bei ya matusi, akaikubali akicheka, halafu akaniongezea makala juu ya ndoo mpaka yakamwagika.

"Chukua, tantine. Mungu akubariki. Tangu ufunge ile moto yenu, kazi inatembea vizuri."

Nilisimama pale na ndoo yangu. Nyuma yake magunia yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kuyaona, yamepangwa mpaka ukutani. Makala hayo yanatoka porini, barabara ya Kambove, ambako watu wanafukia miti chini ya udongo na kuiacha ifuke kwa siku. Mti mzima unaingia, unatoka gunia. Mwanamke aliyekuwa anakuja kwetu na makala yake machache na kuyawasha kwa koleo letu, sasa anawasha mwenyewe, anapoteza mengi kabla hayajashika, ananunua zaidi. Nilihesabu kwa upande wa geti letu, nikapata theluthi. Nilihesabu kwa upande wa kona ile, na theluthi ikawa imekaa chini ya turubai, imebadilisha rangi. Moshi hatukuwa tumeupunguza sana. Tulikuwa tumeuhamishia kwa jirani, na bili tumempelekea yeye.

Nilimwambia shemeji. Alisema kontra haiongelei kona, inaongelea kiwanda. Alikuwa na haki, na alijua ana haki, na aliacha kupiga mluzi.

Sikuwa na mpango wowote. Nilichokuwa nacho ni tabia ya sokoni: siwezi kuona kitu kinaharibika bila kutafuta wa kumuuzia. Nyanya zilizoiva sana, jioni unazitoa kwa bei yoyote, maana kesho ni takataka. Basi alasiri moja nilipita chini ya lile pipa la kwenye bomba la moshi, nikalisikia linanong'ona. Nikafungua koki. Maji yalitoka na mvuke. Nikamuuliza papa wa moto maji haya yanakwenda wapi sasa, kwa kuwa sabuni imeshamwagwa. Akasema hayaendi popote. Yanalala humo, na asubuhi yanakuwa baridi kama mengine, anayapasha upya.

Kila jioni, pipa zima la maji ya moto, linapoa bure.

Kesho yake saa kumi nilimwita mama mnene getini. Alikuja, kwa sababu hakuna anayekataa kuja kusikia mtu akijishusha. Nilimwambia moto siwezi kumpa, lakini nina maji.



"Minye naomba moto, weye unanipa mai?"

"Ni mai ya moto, yaya."

"Kwetu kuko na mai. Inatoka baridi, lakini inatoka bila maneno mingi."

Hapo nikajua tumepona, maana alikuwa ameanza kubishana. Nilimweleza: bukari inaanza na maji ya kuchemka, na makala mengi yanaishia hapo, kusubiri sufuria ichemke. Akichukua maji yetu, sufuria iko karibu kuchemka kabla haijagusa mbabula. Alisema maji yanapoa njiani. Nikasema nyumba yake ni ya tatu, si Lubumbashi. Alisema yatanuka sabuni. Papa wa moto, ambaye alijifanya hasikilizi, alikunywa kikombe mbele yake, akaunguza ulimi, na kusema kwa shida kwamba hayanuki. Alitaka ndoo mbili. Nikasema moja. Akasema mbili, na moja ya kuogea mtoto. Tukakubaliana ndoo moja kwa kila nyumba, na nusu ya nyongeza kwa mwenye mtoto mchanga, kama lilivyokuwa koleo la mzee. Alipoondoka na ndoo yake kichwani, hakuaga, ila alisema kwamba kama ni mzaha nitakula ndakala za mawe mpaka nizeeke.

Wiki hiyo haikuisha mstari ukawa umerudi. Ndoo, bidoni, yaani madumu, sufuria zenye mifuniko. Papa wa moto aliacha koleo ukutani, akashika koki. Alikuwa mkali zaidi kwenye koki kuliko alivyokuwa kwenye jiko: aliyemwaga tone alisikia. Ukutani magogo yalibaki vile vile; nilihakikisha mara mbili kila jioni, na papa wa moto aliniambia nikiendelea yatachoka kutazamwa.

Ndipo mama wa mazingira akaja kusaini.

Shemeji alipata habari asubuhi, akanijia mbio. Alitaka siku hiyo maji yafungwe. Mstari ni mstari, alisema. Yule mama akiona watu getini saa kumi atafikiri moto umerudi, na hatatuuliza mara mbili. Nilimwambia mimi nilishasimama pale getini mara moja kwa ajili yake kuwafukuza wale wanawake, na sitarudia. Akitaka, asimame mwenyewe, amwambie mama mnene. Alifikiri juu ya mama mnene. Maji hayakufungwa.

Gari lilisimama saa kumi kasoro dakika chache. Mama wa mazingira alishuka, akauona mstari, na uso wake ukafungika. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye jiko la sabuni, bila kunisalimia. Mlango ulikuwa umezibwa. Aliweka mkono kwenye tofali, kisha akainama na kuchungulia: majivu, na makaa machache yanayokufa. Akaenda ukutani, akahesabu kuni mwenyewe. Nilimwacha ahesabu. Alipomaliza, alirudi mwanzo akahesabu tena, na kwa mara ya kwanza nilimpenda.

"Sasa hawa bamama wanangoja nini?" akaniuliza.

Nilimweleza. Nilimweleza pia habari ya kona na magunia, jambo ambalo shemeji, aliyesimama nyuma yake, alikuwa ananiomba kwa macho nilimeze. Alisikiliza yote. Alisema hiyo ya kona haimo kwenye karatasi zake, na labda ingepaswa kuwamo, na kwamba watu wengi amewahi kuwakagua lakini hakuna aliyemwongezea kitu ambacho hakuuliza. Halafu akasema hawezi kuandika maji ya moto kabla hajayashika.

Alikwenda kwenye koki. Mkono wa mama mnene, wenye bidoni, ulimzuia taratibu.

"Mama ya mabuti, ligne iko nyuma."

Shemeji alifumba macho. Mama wa mazingira alitazama bidoni, akatazama mstari, ambao ulifika karibu na geti. Akageuka, akatembea mpaka mwisho wake, akasimama nyuma ya msichana mwenye sufuria, na karatasi zetu kwapani. Walisogea polepole. Mtu alimuuliza kama ana mtoto. Akasema mmoja, wa miaka miwili. Wakabishana kama huyo bado anahesabiwa kuwa mchanga.

Zamu yake ilipofika, papa wa moto hakumpendelea. Alimuuliza chombo chake kiko wapi. Hakuwa nacho, basi mama mnene, ambaye alikuwa amebaki kutazama, alimkopesha kifuniko cha sufuria. Mzee alifungua koki kidogo. Yule mama alitia vidole, akavitoa upesi, akavipuliza. Kisha akaligeuza bidoni tupu la jirani, akaweka karatasi juu yake, na kusaini kwa mkono uliokuwa bado umelowa.